Beringi ya Mjomba Abrahamu

Kilichomshtua Lusubilo kwanza ni harufu. Alikuwa amefungua giaboksi nyingi pale uani kwake, Tunduma, na zote zilinuka oili iliyoungua. Hii, alipolegeza nati ya chini, ilimwaga oili nyeusi tii yenye harufu ya maua ya kahawa. Akanusa vidole vyake mara mbili, akajiambia pua inamdanganya, akaendelea na kazi.

Pikipiki ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, mali ya mjomba wake Abrahamu wa Hasamba. Mzee aliiendesha mpaka miguu ilipomwisha nguvu, nayo ikimsagia huko ndani, krrr, krrr, kama mtu anayesaga meno usingizini. Kila Lusubilo alipoomba kuitengeneza, yeye ambaye ufundi ndio unaomlisha, mzee alikataa katakata. Alipozikwa, mjane wake Roda akampa Lusubilo pikipiki. Sasa hapakuwa na wa kumkataza.

Beringi kubwa ilikuwa imekwisha kabisa, shafti inacheza. Kuitoa kukawa vita. Alipasha bodi la giaboksi kwenye jiko la mkaa ili litanuke, beringi idondoke yenyewe. Haikudondoka. Akapasha tena, akagonga kwa kipande cha ubao, akapasha tena, akatukana. Mwisho akashika nyundo na patasi, jambo ambalo huwakataza mafundi wenzake, na beringi ikapasuka kwa mlio uliomtoa mkewe Tabita jikoni kuja kuuliza nani analia.

Kupata nyingine kukamchosha zaidi. Vipimo vilikuwa vya inchi, na kila duka walimletea inayokaribiana. Akavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akarudi mikono mitupu, akavuka tena. Alipoipata, akaigandisha kwenye friza ya jirani muuza soda, kisha akaiweka juu ya tundu la bodi lililokuwa la moto. Iliingia taratibu bila kuguswa, kana kwamba kuna aliyeivuta kutoka ndani.

Siku alipoiwasha, giaboksi ilikuwa kimya. Akaingia ndani anacheka, akamkuta Tabita ameketi na sahani ya ugali mbele yake, midomo ameifumba, na kutoka kwenye taya zake inatoka krrr, krrr.

"Acha utani," akamwambia.

Lakini machozi yalikuwa yanamtoka mkewe, na hakuwa anatania.

Hospitali walimpima meno, wakasema mazima. Watu wa kanisani wakaja kuomba, na kadiri walivyopaza sauti ndivyo ule msago ulivyopanda nao, mpaka Mama Fausta aliyekuwa akiongoza maombi akasahau maneno. Tabita hakuweza kumeza kitu ila uji mwepesi. Lusubilo akarudi uani kwa hasira kuing'oa ile beringi mpya, akapasha, akagonga, akachubuka vidole, haikutikisika; na wakati huohuo alijua kwamba hata ikitoka hana cha kurudisha, kwa kuwa ya zamani ilikuwa vipande viwili ndani ya kopo la vyuma chakavu, na nyuma yake, mlangoni, Tabita alikuwa amesimama akimtazama, naye, Mnamwanga ambaye tangu aolewe hakuwahi kujifunza hata salamu ya Kinyiha cha ukweni, akamwambia kwa Kinyiha safi, kwa sauti ya kizee, "Umenivunjia nyumba."

Ua mzima ukanukia maua ya kahawa.

Lusubilo akampigia Roda simu. Alipofika kutoka Hasamba hakuuliza mengi. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba katika ujana wake yeye Roda, jini alimkalia kifuani, na mganga mmoja akamhamishia kwenye pikipiki, kwenye kile chuma kinachosaga, akawaonya kisiguswe.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani ameondoka na mjomba wako." Roda akatazama chini. "Nyumba ilikuwa kimya mno."

Akaingia kwa Tabita, akamwomba Lusubilo abaki mlangoni. Hakuwa na dawa wala ubani. Alimshika mgonjwa taya kwa viganja viwili, akasogeza uso karibu, akazungumza naye Kinyiha, polepole, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyekasirika aingie ndani.

"Mwache binti wa watu," alisema. "Kwangu kuna nafasi."

Msago ukapungua, ukakatika. Tabita akafumbua kinywa, akaomba maji. Roda akainuka akiwa ameshika kifua, akakataa chakula, akakataa kulala. Aliwasihi wasimfuate Hasamba. Akapanda gari la jioni.

Tabita alipona. Pikipiki ikabaki uani, nzima kabisa, na Lusubilo hakutamani kuipanda. Kilichomsumbua ni yule mama, peke yake katika ile nyumba, kwa kuwa hakujaliwa mtoto wala hakutaka msichana wa kazi. Siku moja, mchana, akampigia kumjulia hali. Roda akasema hajambo, anakula, analala, asiwe na wasiwasi. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Lusubilo hakuwahi kuisikia tangu msiba.

Kisha nyuma yake, karibu sana na simu, mtu akamuuliza ni nani huyo anayepiga.

"Ni mwanetu," Roda akamjibu.