Kitako cha Bunduki ya Mzee Diogo

"Urithi wa baba yangu unaupotezaje kama soksi?" Neville alifoka, ukumbi mzima wa ghorofa ukasikia. Milango ya majirani ilikuwa nusu wazi. Katika maghorofa ya Rexdale, huku ughaibuni, habari haisubiri lifti.

"Nimeibiwa, Neville. Si umeuona mlango?" alijibu Alnasir, fundi samani mstaafu.

Inspekta Tazmin Jiwa aliwapita, akaingia kwa Alnasir. Kisa alishakipata kwenye lifti, kinamama wakipokonyana maneno, Clotilda mke wa Neville akiwa mmoja wao. Neville alimkabidhi rafikiye bunduki mbovu ya jeshi aliyoachiwa na marehemu baba yake, Diogo, fundi wa silaha Nairobi. Alnasir aikague, aseme kipi cha asili na kipi cha kubandikwa, kisha airudishie sura. Sasa kitako chake cha mbao hakipo.

Vyuma vya bunduki, mtutu na komeo lake, vilikuwa mezani. Tazmin akavaa glavu, akashika lenzi.

"Namba za vyuma zinalingana, Anko?"

"Zinalingana. Vyote vya asili, binti."

"Basi ndivyo vyenye bei."

"Ndiyo."

"Na mwizi akaviacha, akabeba mbao."

Alnasir akakohoa.

Tazmin alichutama mlangoni. Kitasa kilivunjwa, na mikwaruzo yote ilikuwa upande wa ndani. Zuliani palikuwa na unga mwekundu wa mbao.

"Unga huu utapelekwa maabara. Au unieleze mwenyewe, Anko, kabla sijaanza kuwahoji majirani zako."

Mzee akaenda chumbani, akarudi na kitako. Kiling'aa kama kitanda cha bibi harusi.

"Nilikipiga msasa, nikapaka vanishi. Maisha yangu yote mbao ikija na mikwaruzo, naitoa. Jioni Neville akanipigia simu: fanya utakalo, ila jina alilochonga baba kwa kisu usiliguse. Nilikuwa nimeshalimaliza."

"Ukavunja kitasa chako."

"Bora angejua nimeibiwa, kuliko kujua nimemfutia baba yake."

Neville alikuwa amesimama mlangoni. Tangu lini, hakuna aliyejua. Alikichukua kitako, akapitisha kidole pale jina lilipokuwa. Palikuwa laini.

"Kudanganya polisi ni kosa, Anko," Tazmin alisema taratibu. "Kesho uje kituoni."

Alnasir aliitikia kwa kichwa.

Neville alivuka ukumbi, kitako kwapani. Alipofika mlango wa kwake, mkabala, akasimama bila kugeuka.

"Alnasir. Clotilda amepika samaki wa nazi. Njoo ndani ule."