Kidawa Aukasirikia Mtaro

Kidawa anaishi na Bibi yake. Nyumba yao ni ya mwisho kabisa, chini ya mteremko.

Je, umewahi kulala kwenye godoro lililolowa? Lina baridi. Linanuka. Kidawa na Bibi hulilalia hilohilo!

Mvua ikinyesha, mtaro unaotoka juu ya mteremko unafurika. Chururu, chururu! Maji yanaingia ndani bila hodi.

Asubuhi moja Bibi aliamka anakohoa. Kohoo! Kohoo!
"Kifua kinanibana, mjukuu wangu."

Kidawa akapiga mguu chini. Pu!
"Nimekasirika! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto!"

Akatoka kuutazama mtaro. Ulijaa majani, chupa, maganda ya ndizi na kandambili moja. Sasa maji yapite wapi?

Akapanda mteremko. Mama Mkude alikuwa anafagia uwanja wake. Shwa, shwa, shwa! Uwanja ukang'aa. Taka akazisukumia wapi? Mtaroni!

"Shikamoo, Mama Mkude. Mbona unajaza mtaro?"
"Marahaba. Mimi? Vijani viwili tu, mwanangu!"

Baba Semeni naye alikuwa anafagia. Shwa, shwa, shwa!
"Vijani viwili tu!"

Nyumba hii, vijani viwili. Nyumba ile, vijani viwili. Mtaa mzima ulikuwa msafi, na uchafu wote ulikuwa kwa Bibi!

Kidawa akaenda kwa Mwenyekiti wa mtaa.
"Nimekasirika! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto!"

Mwenyekiti akaacha chai yake. Akapuliza filimbi. Prrriii! Watu wakaja mkutanoni. Bibi akaja na mkongojo wake. Bwana Afya, mtu wa usafi kutoka manispaa, akaitwa, akaja na pikipiki.

"Wananchi mnatupa taka mtaroni!" Bwana Afya akafoka.
"Gari la taka haliji!" watu wakafoka. "Tuzile?"
"Kosa lenu!"
"Kosa lenu nyinyi!"

Kidawa akapanda juu ya benchi.
"Maji hayaulizi kosa la nani! Yanaingia tu! Bibi yangu anaumwa!"

Watu wakamgeukia Bibi. Kohoo! Kohoo! Bibi akakohoa, na wote wakamsikia.

Bwana Afya akavua kofia.
"Gari haliji. Hilo ni kosa letu. Jumamosi nitalileta."

Mama Mkude akatazama chini.
"Na vile vijani viwili ni vyangu."
"Na vyangu," akasema Baba Semeni.
"Na vyangu," akasema Mwenyekiti, kwa sauti ndogo.

Jumamosi ikafika. Mwenyekiti akakunja suruali. Makoleo yakalia kwacha, kwacha! Bwana Afya akaingia mtaroni, akateleza. Pwaa! Watoto wakacheka. Kidawa hakucheka. Alijaza ndoo yake.

Rundo la taka likawa refu kuliko Mwenyekiti. Lakini gari liko wapi? Jua likawaka. Nzi wakaja. Gari halikuja.

"Mvua ikinyesha, taka zote zitarudi mtaroni!" Kidawa akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Bwana Afya akamtazama. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi. Akatoa simu, akapiga ofisini kwake.
"Nimekasirika!" akapaza sauti. "Nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto! Leteni gari sasa hivi!"

Ngruuum! Ngruuum! Gari likaja. Watu wakapakia taka zote, mpaka ganda la mwisho.

Siku hizi asubuhi watu wanafagia, shwa, shwa, shwa, na taka zinaingia kwenye gunia. Jumamosi gari linakuja. Likichelewa, Bwana Afya anapiga simu, na ofisi nzima inamsikia.

Usiku mmoja mvua kubwa ikanyesha. Kidawa akakaa mlangoni, amekunja ngumi. Akayangoja maji.

Chururu, chururu! Maji yakaja mbio. Yakapita mtaroni, yakaenda zake.

"Bibi! Yamepita!"

Bibi hakujibu. Kidawa akasogea karibu, akasikiliza. Bibi alikuwa amelala fofofo, wala hakohoi.