Siagi ya Salha, Jina la Nasma

"Haloo, hapo ni kwa Nasma? Nataka siagi yake ya karanga, makopo mawili."

Salha alikuwa jikoni kwao Nzuguni, maganda ya karanga za Kongwa yamemjaa mikononi, simu ameibana kwa bega.

"Siagi ni yangu, dada. Mimi ni Salha, ndiye ninayeisaga."

"Mbona huku mtandaoni pameandikwa ni ya Nasma?"

Salha akanawa mikono, akafungua duka kwenye simu. Lilikuwa duka la mtandaoni la Aiman, mchumba wake. Wauzaji walikuwa wengi humo, kila mmoja na kundi lake. Siagi iliwekwa mahali pawili: kwenye Vyakula vya Salha, na kwenye Zawadi za Nasma, maana Nasma aliipanga ndani ya vikapu vyake vya zawadi. Hilo Salha alilikubali mwenyewe. Lakini juu ya picha ya kopo, kwenye ule mstari mdogo unaomwonyesha mteja njia aliyopitia, palisomeka: Mwanzo › Zawadi za Nasma › Siagi ya karanga.

Akarudi nyuma, akaingia upya kupitia kundi lake. Mstari ukasema vilevile. Akaubofya. Akajikuta katikati ya mishumaa na vikombe vya Nasma.

Akampigia Aiman.

"Aiman, siagi yangu imekuwa ya Nasma lini?"

"Mpenzi, usijichoshe na vitu vya kitaalamu."

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Aiman akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuwasikitikia watu, kama vile dunia nzima ilirudia darasa naye akapanda. Shati la kupigiwa pasi na dada zake, maneno ya kuazima, na akikosa jibu anasema "mfumo".

"Bidhaa ikiwa kwenye makundi mawili, mfumo unachagua njia moja ya kuonyesha. Basi."

"Na mfumo ukamchagua Nasma?"

"Mfumo haumjui Nasma wala Salha. Wewe saga karanga, mtandao niachie mimi."

Akakata simu.

Salha akajifunga mtandio, akaenda ofisini kwa Aiman mjini. Aiman hakuwepo. Alimkuta Josephine, binti anayelitengeneza hilo duka wakati Aiman akijitambulisha kwa watu kuwa ndiye aliyelitengeneza.

"Josephine, ni kweli mfumo ndio unaochagua njia?"

"Unachagua usipoambiwa. Huu umeambiwa." Josephine akaigeuza kompyuta. "Hapa ndipo panapowekwa njia kuu. Aiman alijaza mwenyewe. Bidhaa zako zote zilizo kwa Nasma, kaziandika za Nasma. Nilimwambia wateja watapotea, akaniambia nifuate maagizo."

"Kwa nini afanye hivyo?"

Josephine akatazama meza.

"Dada Salha, nisamehe. Sisi hapa tulijua mlishaachana. Alituambia anamuoa Nasma."

"Jumapili mjomba wake anakuja kwetu kupanga tarehe ya ndoa."

"Mungu wangu!"

Salha alikaa kwenye kiti cha wageni, machozi yakamtoka kimya kimya. Josephine akampa maji. Alipoyamaliza, akauliza:

"Hii njia inarekebishika?"

"Sasa hivi. Mteja akiingia kupitia Zawadi, mstari umwonyeshe Zawadi. Akiingia kupitia Vyakula, umwonyeshe Vyakula. Akija moja kwa moja kutoka WhatsApp, umpeleke kwa mwenye bidhaa. Ndivyo inavyotakiwa, na ndiyo kazi yangu."

Chai ya Josephine ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Ndilo lile jambo la kitaalamu.

Akiwa njiani kurudi, Salha akaandika ujumbe: "Nasma, mimi ni Salha. Una nini na Aiman?"

Jibu likaja upesi: "Salha yupi? Yule fundi wetu wa siagi? Mambo yangu na mume wangu mtarajiwa hayakuhusu. Wewe saga, oda zipo nyingi."

Salha hakumtukana. Alimtumia picha ya siku ya posa: Aiman na kanzu nyeupe, ameketi kati ya mjomba wake Swedi na Bi Mgeni, mama yake Salha.

Simu ikaita.

"Hii picha ya lini?" Sauti ya Nasma ilikuwa imepungua.

"Mwezi uliopita, Ijumaa."

"Ijumaa ile aliniambia yuko Kibaigwa na wateja wa mahindi."

"Alikuwa sebuleni kwetu, anakula sambusa."

Jumapili ikafika. Bi Mgeni alipika pilau la kutosha mtaa. Mzee Swedi akakaribishwa, na Aiman nyuma yake, kapiga manukato mpaka paka akatoka nje. Salha hakutakiwa kuingia kwenye kikao. Aliingia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

"Kabla hamjapanga tarehe, muulize Aiman ni tarehe ya nani. Mimi au Nasma?"

Mzee Swedi akamgeukia mpwa wake. "Nasma ni nani?"

"Mjomba, haya ni mambo ya mtandaoni, hawa hawayaelewi. Ni suala la mfumo tu."

"Mfumo ndio umekwenda kuchumbia huko?"

Bi Mgeni akatazama pembeni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko na hasira. Aiman akajifuta jasho.

"Sasa kosa liko wapi? Dini inaruhusu wake zaidi ya mmoja."

"Inaruhusu," Salha akasema. "Ila wewe hukuniposa niwe mke wa kwanza wala wa pili. Uliniposa niwe fundi wa siagi wa mke wako."

Akafungua simu, akasoma ujumbe wa Nasma wa asubuhi ile: "Mwambie asikanyage kwetu. Baba yuko getini anamsubiri, na si kwa chai."

Mzee Swedi akainuka, akachukua kofia yake.

"Bi Mgeni, nisamehe. Nimeleta aibu nyumbani kwako kwa miguu yangu mwenyewe. Wewe, tangulia!"

Aiman alipofika mlangoni akageuka. Bado alikuwa na lile tabasamu la kusikitikia watu, ila sasa lilikaa upande.

"Salha, utajuta. Bila mimi nani atakujua?"

"Wasionijua nitajitambulisha. Funga mlango, inzi wanaingia."

Bi Mgeni akamshika mwanawe mkono, wakakaa hivyo kidogo. Kisha akanyanyuka, akajifunga khanga kiunoni.

"Mtu kaondoka, pilau halina kosa. Mpigie yule binti Josephine aje, na wewe kalete sahani kubwa."