Sado Tatu za Verediana

Jumamosi asubuhi, Faustina Kalinga alikuwa ameketi nyuma ya nyumba yao, Iyunga, anachambua maharage kwenye ungo. Mume wake, Obeid, alikuwa anahangaika na jiko. Mkaa ulikuwa umelowa mvua, na jiko lilitoa moshi tu. Obeid akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu. Akazikunja, akawasha kiberiti.

Faustina akageuka. Aliuona mwandiko wake mwenyewe ukiungua.

"Obeid, hizo karatasi umezitoa wapi?"

"Kwenye kaunta buku lako la zamani. Si limeshajaa?"

Ungo ukaenda huku, maharage kule. Faustina alizipiga zile karatasi kwa kandambili mpaka moto ukazimika. Mbili zilikuwa zimeungua pembeni tu. Ya tatu ilikuwa imebaki nusu.

"Huo ni utafiti wangu," alisema. "Huyo ni mama wa kumi na nne wa Igawa. Umemchoma."

Obeid alishikwa na haya. Alikuwa fundi mzuri wa pikipiki na mume mwema, lakini kwake kaunta buku lililojaa lilikuwa karatasi ya kuwashia moto.

Faustina alikuwa mwalimu wa sekondari aliyerudi chuoni kusoma shahada ya pili. Kwa mwaka mzima aliwatembelea akina mama arobaini, ishirini wa Igawa, Mbeya, na ishirini wa Ilula, Iringa. Aliwauliza wanahifadhije maharage yasibunguliwe na wadudu. Alihesabu punje nzima na punje zenye matundu. Yote aliyaandika kwenye lile kaunta buku. Nusu alikuwa ameyaingiza kwenye kompyuta, na kopi nyingine hakuwa nayo.

Tena siku mbili kabla, alikuwa amepata barua pepe kutoka kwa wafadhili. Ili walipie mwaka wa pili, walitaka mpango wa usimamizi wa data, yaani maelezo ya jinsi atakavyozitunza, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipoleta, utafiti unaishia hapo. Faustina aliisoma barua ile mara kumi, asijue aanzie wapi.

Jirani yao, Mwantumu, alisikia kelele akachungulia juu ya ukuta. Alikuwa mkutubi wa chuo, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia watafiti.

"Kulikoni, mdogo wangu? Mnapigana na jiko?"

Faustina akamweleza yote, moto na barua. Mwantumu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa mtandio.

"Shemeji Obeid kakufanyia hisani," alisema. "Kakuonyesha kwa nini mpango unatakiwa. Lete kompyuta, naja."

Walikaa mezani, chai ikamiminwa. Mwantumu akafungua tovuti moja.

"Hiki ni chombo cha kuandikia mpango," alisema. "Hakina gharama. Unajiandikisha kwa barua pepe, unachagua mfadhili wako, kinakuletea maswali anayotaka yajibiwe. Unaandika jibu kwenye kisanduku. Ukikwama, pembeni kuna maelezo na mifano."

"Maswali tu?"

"Maswali tu. Wewe umewauliza wenzio mwaka mzima. Leo ni zamu yako kuulizwa."

Faustina alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Swali la kwanza lilikuwa rahisi, utakusanya data gani. Aliandika mbiombio. Swali la pili lilihusu mahali pa kuhifadhi. Hapo akauona mfano mzuri pembeni, akaunakili wote: data zitahifadhiwa kwenye seva salama ya taasisi.

"Seva gani hiyo?" Mwantumu akauliza.

"Sijui. Iko kwenye mfano."

"Umewahi kuiona? Unajua nani ana ufunguo wake?" Mwantumu akatikisa kichwa. "Usiahidi usichokijua. Mpango ni ahadi, utaulizwa. Sema kweli. Sasa hivi data ziko wapi?"

"Kwenye kaunta buku. Na kwenye kompyuta hii."

"Na jikoni," akadakia Obeid kutoka mlangoni.

Faustina alimtupia jicho, lakini tayari alikuwa anafuta. Aliandika upya: kompyuta yenye nywila, kopi ya pili kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo kila Ijumaa, na ya tatu kwenye diski inayofungiwa kabatini ofisini kwa Dokta Crispin, msimamizi wake. Kaunta buku litapigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza aliona kifua kimekuwa chepesi. Kumbe jambo lenyewe lilikuwa linawezekana.

Swali lililofuata likamsimamisha: mtu mwingine akifungua data zako, ataelewaje?

"Ataelewa tu," alisema Faustina. "Tazama. Mstari huu, mama wa Ilula. Maharage, tatu. Majivu ya kuchanganyia, moja."

"Tatu nini?"

"Sado tatu."

Kila aliyefika sokoni Mwanjelwa anaijua sado, ile ndoo ndogo ya plastiki ya kupimia nafaka. Mwantumu naye aliijua.

"Sado ya kilemba, maharage yamepanda juu kama kichuguu? Au iliyosawazishwa kwa kiganja?"

Faustina akautazama tena mstari ule. Ilula walimpimia kwa kilemba, kwa ukarimu wao. Igawa walisawazisha. Au ilikuwa kinyume chake? Na kule Igawa si baadhi walitumia debe? Yeye aliandika namba tupu, kwa sababu siku ile ndoo ilikuwa mbele ya macho yake. Mwaka mzima wa kazi, na mwenyewe alikuwa hajui tatu ni nini.

"Wapigie simu," alisema Mwantumu. "Wote arobaini. Ndiyo maana swali limeulizwa leo, kabla ya kuchelewa."

Wa kwanza kupigiwa alikuwa Verediana wa Ilula, mama mwenye kauli za mkato.

"Kamwene, mama," Faustina alisalimia kwa Kihehe, akaeleza shida yake.

"Kamwene, mwanangu. Zilikuwa za kilemba. Mimi sijawahi kumpimia mgeni kwa kufuta." Kisha akaongeza, "Lakini na mimi niulize. Namba yangu ya simu umeipeleka wapi? Mwaka juzi alikuja mtu mwingine wa utafiti, akatuandika majina. Baada ya hapo wauza dawa za mbegu wakatupigia simu mpaka tukachoka. Kama na wewe ni hivyo, nifute."

Faustina akaiangalia kompyuta. Swali la tano lilikuwa hilohilo: nani ataona majina ya watu? Aliiweka simu kwenye spika kila mtu asikie.

"Kila mama atapewa alama badala ya jina," Mwantumu akajibu. "Orodha ya majina na simu itafungiwa peke yake. Hata kwenye chombo hiki hatuandiki jina la mtu. Watakaosoma wataona maharage, hawatakuona wewe. Na ukitaka kufutwa, unafutwa."

"Basi niandikeni," alisema Verediana. "Lakini nataka nione mlichoandika."

Kwa siku nne Faustina alipiga simu kila alipotoka darasani. Wote arobaini walipatikana, pamoja na mama wa kumi na nne. Kwenye chombo alimwalika Dokta Crispin, naye akaandika maoni pembeni ya majibu bila karatasi kwenda wala kurudi. Alhamisi jioni mpango ulikuwa kurasa tatu. Faustina aliupakua, akautuma. Kisha akamkumbatia Obeid aliyekuwa na grisi mpaka viwikoni, na gauni lake la kazini likaharibika.

Jibu lilikuja baada ya mwezi: mwaka wa pili umelipiwa. Safari yake ya kwanza ilikuwa Ilula.

Alimkabidhi Verediana karatasi moja, akamweleza kopi tatu za data zinatunzwa wapi. Haikuwa na jina, ila alama IL-07. Verediana, aliyejifunza kusoma ukubwani, alifuata mstari kwa kidole.

"Sado tatu, za kilemba. Sawa. Majivu, sado moja, ya mkaratusi." Kidole kikasimama. "Hapana. Haya yalikuwa majivu ya maganda ya maharage. Mkaratusi mimi siutumii."

Faustina akainama kuisoma karatasi. Kati ya akina mama wote arobaini, IL-07 peke yake hakuwa na punje hata moja yenye tundu. Kwa miezi sita alikuwa ameitafuta sababu kwenye majivu ya mkaratusi, mahali pasipo.

"Mama, una hakika?"

"Majivu ni yangu, nisiwe na hakika?"

Faustina akafungua kompyuta. Akasahihisha mstari, akaandika tarehe na sababu ya kusahihisha, kama mpango ulivyosema. Halafu akatoa sado mpya kwenye mkoba, akaomba aonyeshwe hayo maganda, wapime upya tangu mwanzo.

Verediana aliinuka, lakini karatasi hakuirudisha. Aliikunja vizuri, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii inabaki kwangu," alisema. "Kopi ya nne."