Chupa Kumi na Moja za Kapteni

Wazazi, madereva, majirani, na nyinyi mliojibanza dirishani mkijifanya hamsikilizi, sogeeni. Kisa hiki ni cha chupa, na jinsi chupa zilivyokaribia kubomoa nyumba ya watu wenye heshima zao.

Nyumba yenyewe ilikuwa tulivu. Kila asubuhi Mama Sindano alikaa barazani akishona sare za shule, huku mumewe akifuta vioo vya gari lao. Mtaa mzima ulimwita Kapteni kwa sababu hakuvua kofia hata akienda kuoga. Gari lilikuwa basi dogo la viti kumi na vinne, lililonunuliwa kwa pesa za sare za miaka tisa, na lilibeba watoto wa mtaa kwenda shule na kuwarudisha. Mama yake Kapteni, ambaye wote walimwita Bibi, alikaa kiti cha mbele kama mlezi. Hakuna mtoto aliyethubutu kutoa kichwa nje ya dirisha, maana Bibi alikuwa na shabaha kali ya kandambili. Watu walikula, watu walilala.

Kisha Kapteni akaanza kunuka.

Harufu yenyewe haikuwa ya jasho. Ilikuwa kali, kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na peremende. Mara akawa anatoka nje kila baada ya chakula, koti limetuna upande mmoja, akipiga mluzi. Ndugu zangu, mwanamume aliyeoa miaka kumi na saba iliyopita akianza kupiga mluzi bila sababu, mkewe ana haki ya kuacha kazi na kufikiri.

"Umekunywa nini?" Mama Sindano aliuliza.

"Mimi? Maji."

"Nipumulie."

Akampumulia. Pumzi ilikuwa ya vitunguu, safi kabisa. Hilo ndilo lililomtia mashaka zaidi.

Jumamosi, alipokuwa akitafuta kitambaa kilichobaki, aliinama chini ya kitanda na kukuta chupa nyuma ya sanduku la viatu. Alizitoa moja moja. Zilikuwa kumi na moja, zote tupu. Akaketi sakafuni. Mlevi! Na watoto wa watu anawabeba! Ndipo alipoigeuza moja na kuona picha ya simba amekumbatia injini, na maneno: INJINI MPYA BILA KUFUNGUA INJINI.

Kumbe mlevi alikuwa gari.

"Niliogopa utanicheka," Kapteni alisema alipobanwa. "Gari lilikuwa linatoa moshi na kugonga. Daktari wa Injini akanipa dawa ya kuongeza kwenye oili. Moshi umepungua, kelele zimeisha. Na anasema ukitumia hii, oili haizeeki tena. Huna haja ya kuimwaga wala kuiongeza."

"Daktari gani huyo?"

"Yule mwenye kipaza sauti pale kituo cha mafuta. Mke wangu, niliona kwa macho haya mawili! Alitia dawa kwenye injini, akamwaga oili yote, akaiwasha. Dakika tano inanguruma, kavu!"

"Na bila dawa ingenguruma dakika ngapi?"

Kapteni akakohoa. "Swali gani hilo?"

Lilikuwa swali la mshonaji. Mama Sindano hakuwahi kutumia uzi mpya kabla ya kushona vipande viwili vya majaribio, kimoja kwa uzi aliouzoea na kingine kwa ule mgeni, kisha kuvivuta vyote kwa nguvu ile ile. Muuza nyuzi aliyeleta kipande kimoja tu na sifa nyingi alionyeshwa njia.

"Huyo daktari wako amekuvutia kipande kimoja," alisema.

"Mwache mwanangu," Bibi akadakia kutoka chumba cha pili. "Gari limetulia kama paka aliyeshiba. Wewe unataka ligonge ndiyo ufurahi?"

Jumatatu mchana Mama Sindano alitia mkobani chupa moja ambayo Kapteni alikuwa hajaifungua, akaenda gereji kwa Fundi Spana. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo aliyasema akiwa chini ya magari, hivyo wateja walizoea kuzungumza na viatu vyake. Lakini aliposikia habari za injini iliyonguruma bila oili, alitoka uvunguni mzima mzima.

Pale gereji palikuwa na injini kuukuu iliyofungwa juu ya fremu, ya kufundishia. Haikuwahi kuonja dawa ya mtu. Fundi akaiwasha kidogo, akaizima, akamwaga oili yote kwenye beseni, akaiwasha tena. Ikanguruma. Mama Sindano alikodolea macho saa ya ukutani. Dakika ya tano ilipotimia, fundi akaizima kabla haijaumia.

"Utando wa oili hubaki kwenye vyuma," alisema. "Na hapa haivuti mzigo. Dakika chache itavumilia, dawa au bila dawa."

"Basi dawa zote ni uongo?"

"Siwezi kusema zote, sijazijaribu zote. Oili nzuri hutoka kiwandani na viungo vyake vya kutosha. Hii sasa..." Akaimimina kidogo, ikashuka polepole kama uji mzito. "Hii inafanya oili iwe nzito. Kelele zinafichika, moshi unafichika. Kama pete za pistoni, zile zinazozuia oili isipande kuungua, zimekwisha, zimekwisha vile vile, na oili inaendelea kuungua. Anaongeza oili?"

"Ameambiwa hakuna haja."

Fundi akaacha kufuta mikono. "Na taa ya oili haiwaki?"

"Sijaiona hata siku moja."

"Hata anapozungusha ufunguo, kabla injini haijawaka?"

"Hata."

"Hapo lazima iwake. Isipowaka, imekufa au imefunikwa."

Mama Sindano akamkumbuka simba. Ile stika ya bure iliyokuja na chupa ya tatu! Kapteni aliibandika kwenye dashibodi, mbele ya usukani, kama medali. Akatazama saa. Tisa na nusu. Saa hiyo gari lilikuwa limejaa watoto, likikaribia mlima wa machimbo ya kokoto, wenye kona tatu na shimo upande mmoja.

Akapiga simu. Alipokea Bibi.

"Mwanangu anaendesha, usimsumbue."

"Mama, nakuomba, bandua ile stika ya simba."

"Ya nini? Inapendeza."

"Mama!"

Kucha zikasikika zikikwaruza. Kapteni akapaza sauti, "Acha hiyo!" Kisha Bibi akasema kwa mshangao, "Kumbe humu ndani mna birika. Birika jekundu, linadondosha tone. Linawaka wee!"

"Mwambie asimame."

"Hiyo taa ya oili ilikuwa inanisumbua tu," Kapteni akajibu kwa mbali. "Daktari alisema dawa ikiingia kwenye vyuma, taa huchanganyikiwa. Na asubuhi nimetia nyingine! Nipande huu mlima, nitaangalia kule juu."

"Nyuma una watoto wangapi?" Mama Sindano akapaza sauti simuni.

Kapteni akasikika akihesabu.

"Kumi na wawili," akasema.

"Zima, baba watoto."

Injini ikasikika, kisha haikusikika tena.

Fundi Spana alilikuta gari chini ya mlima, limeegeshwa pembeni. Akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu, ila nchani palikuwa na tope jeusi. Akautazama mlima, akamtazama Kapteni. "Ingekwama kona ya pili," alisema, na kwa mara ya kwanza watu walimwona Kapteni akivua kofia.

Gari lilikaa gereji wiki saba, injini imefunguliwa. Watoto walikwenda shule kwa miguu, Bibi mbele na kandambili mkononi, huku Kapteni akikaa barazani kukata nyuzi za sare. Daktari wa Injini walipomtafuta walikuta doa la oili tu. Inasemekana kipaza sauti chake sasa kinasikika kwenye kituo kingine, kwa hiyo tegeni masikio.

Siku hizi gari haliondoki mpaka Kapteni apime oili na Bibi avae miwani. Ufunguo unazungushwa, na watoto wote wananyamaza.

"Birika limewaka," Bibi anatangaza. "Limezimika. Haya, twende."

FUNZO

Mtu akikuonyesha maajabu ya chupa yake, mwombe akuonyeshe na kipande cha pili, kile kisichotiwa dawa. Injini inayogonga na kutoa moshi inaomba fundi. Ukiinyamazisha umejiziba masikio wewe mwenyewe. Pima oili, ibadilishe kwa wakati wake, na taa nyekundu iache ikutazame. Na nyinyi wenye waume wapiga mluzi, chungulieni uvunguni leo hii.