Saa Moja Nyuma ya Saluni

Kila siku baada ya shule, kabla hata ya kuvua sare, tulikimbilia chumba cha nyuma cha saluni ya shangazi yangu. Tulikuwa watatu: mimi, binti yake tuliyembandika jina la Cherehani kwa sababu mdomo wake haukupumzika, na jirani yetu Kimya. Mpaka leo nikinusa mafuta ya nywele yaliyopashwa moto, nakiona chumba kile: viti vya plastiki, taulo kwenye kamba, na saa ya kengele ambayo shangazi aliitega itupe saa moja kamili. Baada ya hapo wateja wa jioni walikihitaji chumba.

Saa hiyo tuliimaliza kwa vicheko. Tukifungua hesabu, Cherehani anakumbuka kisa cha mwalimu wa zamu. Tukihamia sayansi, mara kengele. Tulitoka tukiamini tumesoma.

Matokeo ya jaribio yalipotoka, Kimya ndiye aliyeanguka vibaya kutuzidi. Kesho yake alisimama mlangoni, mkoba ungali begani.

"Baba amesema nisome nyumbani," alisema. "Amenipa wiki hii tu ya kuja hapa, aone kama kuna faida."

Tulitazamana. Nyumbani kwao kulikuwa na wadogo zake mapacha. Huko asingesoma hata ukurasa.

"Kosa ni langu," Cherehani akanong'ona.

"Hata mimi nilicheka," Kimya akajibu. "Ila leo nataka kitu kimoja: nielewe kugawanya sehemu. Basi."

Ndipo nikagundua kwamba hatukuwahi kuambiana tunataka nini. Nikasema nami nitajifunza mzunguko wa damu. Cherehani akachagua kuandika insha. Tukakubaliana kwamba kabla ya kengele, kila mmoja awaeleze wenzake alichopata.

Haikuwa rahisi. Mara mbili Cherehani alifungua mdomo, akauziba kwa kiganja. Kimya naye alikwama, karibu alie. Nilimweleza, nikazidi kumchanganya. Cherehani akavuta taulo, akaikunja.

"Hii nusu ya taulo. Ina robo ngapi ndani yake?"

"Mbili," Kimya akasema, kisha akatabasamu taratibu. "Kumbe."

Tuliendelea hivyo wiki nzima. Siku ya mwisho baba yake Kimya, dereva wa lori, alifika mwenyewe. Alimpa bintiye swali, akasimama akimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mama," alisema kwa upole. "Endelea kuja."

Alipoondoka, shangazi aliegemea mlango, kitana mkononi.

"Wanangu, muda mlikuwa nao tangu mwanzo. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Nyinyi mlikuwa mkimwaga chini, kwa sababu kibaba chenyewe hamkukiweka. Ukikaa kusoma, jua kwanza unataka kuinuka na nini."