Unga Chini ya Kabati

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Kasuku alifagia nyumba kuanzia chumba cha bibi hadi karakana ya shangazi, iliyotazama barabara. Kasuku halikuwa jina lake. Alibandikwa jina hilo kwa sababu neno likiingia sikioni mwake mara moja halikutoka tena, na aliweza kulirudia kwa sauti ileile ya aliyelisema.

Shangazi yake alikuwa fundi wa samani za kale. Watu walimletea viti, meza na makabati ya urithi, naye akavifungua, akavitibu na kuvifunga upya. Kazi hiyo ilikuwa na maneno yake, na Kasuku aliyajua yote. Ukimwuliza taji ni nini, alikujibu kuwa ni urembo wa juu kabisa wa kabati. Ulimi ni ncha ya ubao inayoingia ndani ya ubao mwenzake. Ngozi ni ule mng'ao ambao mbao huupata kwa kushikwashikwa miaka mingi, na fundi mwenye akili hauondoi kwa msasa. Wateja walicheka kwa kupendezwa. "Huyu ni fundi tayari," walisema, na kichwa cha Kasuku kikavimba kidogo.

Ndipo likaletwa kabati la bibi mwenyewe, zito, refu kuliko mlango, lililokuwa limekaa kwa ndugu tangu ujana wake.

"Hili utalisoma wewe," shangazi alimwambia, akampa chaki.

Kusoma kulikuwa sheria ya karakana. Hakuna samani iliyoingia ndani ya nyumba kabla ya kukaguliwa kila mguu na kila ubao. Kwenye tundu hai ulichora msalaba, na samani hiyo ikabaki kwenye banda la nje hadi itibiwe. Kwenye tundu mfu ulichora duara, na samani ikapita.

Kasuku alilala chali sakafuni na tochi yake. Mguu wa nyuma ulikuwa na matundu madogo kama vichwa vya pini. Midomo yake ilianza kusema yenyewe: tundu hai lina dumuzi ndani, anakula mbao, tundu mfu, dumuzi alishahama. Hayo aliyajua. Lakini alipotazama yale matundu hakujua atajuaje kama dumuzi, mwenye nyumba, yumo au hayumo. Alifungua mdomo ili aulize. Kisha akawakumbuka wateja.

"Umeona nini?" shangazi aliuliza.

"Tundu mfu, shangazi."

"Una hakika?"

"Ninayo."

Akachora duara. Shangazi, ambaye mteja alikuwa akimwita mlangoni, hakuinama kutazama.

Kabati likasimamishwa kando ya kitanda cha bibi, likajazwa sahani za udongo hadi juu. Bibi alikuwa na magoti mabovu. Kila alfajiri alinyoosha mkono, akashika nguzo ya kabati na kusema, "Haya, mzee mwenzangu, nivute," kisha akajiinua polepole.

Siku ya nne, Kasuku alipopitisha ufagio chini ya kabati, alikuta kitu cheupe chenye umanjano, laini kama unga, kimerundikana nyuma ya mguu. Kiasi cha ukucha wa kidole. "Vumbi tu," akajiambia, akakifagia. Kesho yake kilikuwapo tena, mahali palepale.

Akaanza kuamka mapema ili afagie kabla ya mtu mwingine kuona. Wiki ya pili lile rundo lilijaa kijiko. Siku moja, bibi akiwa bafuni, Kasuku aliweka sikio kwenye mbao. Kwanza palikuwa kimya. Halafu akasikia sauti ndogo sana, kama mtu anayekwaruza ukuta kwa ukucha, inakwenda, inatua, inakwenda tena. Alitoa sikio haraka, akaenda shule bila kumaliza chai.

Kisha mlango wa kabati ukaanza kufunguka wenyewe. Ukiufunga, ulikaa kidogo, halafu ukaja taratibu, kii, mpaka ukagusa kitanda.

"Linanikaribisha," bibi alisema na kucheka. "Halijui nimeshiba."

Kasuku hakucheka. Kwenye kizingiti alimkuta mdogo wake, ambaye kwa ulimi wake mkali kila mtu alimwita Pilipili.

"Dada, mbona chumba cha bibi unakifagia mara mbili? Umeficha sukari?"

"Nenda kanawe uso, una tongotongo."

"Nina tongotongo, lakini ninaona. Kabati limeinama."

Kasuku aligeuka. Juu, kati ya taji na ukuta, kulikuwa na nafasi iliyotosha kupitisha kidole. Juzi haikuwapo.

Mchana huo darasani hakuandika hata mstari mmoja. Alijiapiza kusema jioni. Jioni ilipofika, shangazi alikuwa amechoka, naye akaahirisha hadi kesho. Alfajiri aliamshwa na kikohozi cha bibi ng'ambo ya ukuta, kisha akasikia kitanda kikilia. Bibi alikuwa anaamka.

"Haya, mzee mwenzangu..."

Kasuku hakukumbuka baadaye alivyofika. Alijikuta ameukamata mkono wa bibi hewani, shubiri moja kutoka kwenye nguzo.

"Bibi, usilishike."

"Kwa nini? Una nini, mjukuu wangu?"

"Nilidanganya. Nilisema nimelisoma na sikujua kusoma. Linaliwa."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. Alimhamishia bibi upande wa pili wa chumba, akapiga magoti, akachukua bisibisi na kuisukuma kwenye mguu wa nyuma. Iliingia hadi kwenye mpini, kama kwenye kiazi kilichochemshwa.

Walitoa sahani moja moja, hata Pilipili akabeba zake. Kabati lilipokuwa tupu, waliliinua kwa msaada wa jirani. Mguu ulibaki sakafuni peke yake, ukasimama kidogo, halafu ukamwagika.

Kabati lilipolazwa bandani, shangazi alimwita Kasuku na kumwonyesha mbao mbili. "Tazama. Hili tundu mfu, ukingo umelainika, ndani ni jeusi. Hili hai, ukingo ni mkali, ndani pana rangi ya biskuti, na ukiligonga linatema unga. Ungeniuliza, ingetuchukua dakika mbili."

"Niliona aibu, shangazi. Neno nilikuwa nalijua."

"Neno ulikuwa nalo. Kuwa nalo na kulijua ni mambo mawili." Alifuta chaki kidoleni. "Mimi nami nina kosa. Nilipaswa kuinama. Halafu nimeweka alama ya hai na alama ya mfu, sikuweka alama ya sijui."

Akachora kwenye ubao duara lisilofungwa. "Kuanzia leo, usipojua chora hili, na mimi nitakuja kutazama pamoja nawe. Kusema 'sijui' hakujawahi kumwangusha mtu. 'Najua' ya uongo ilikaribia kumwangushia bibi yako kabati zima."

Kesho yake alfajiri hapakuwa na nguzo kando ya kitanda. Kasuku alikuwa amesimama pale. Bibi alimshika bega, akalibonyeza kwa kidole gumba kama fundi anayekagua mbao.

"Huku ndani hamna unga tena?"

"Hamna, bibi. Uliobaki niliutoa jana."

"Haya basi, nivute," bibi alisema, akajiinua polepole.